KUISAWAZISHA NDEGE YA MFANO: MAHALI PA KITOVU CHA UZITO

Ndege ya mfano iongozwayo kwa redio yaweza kuundwa kwa ustadi mkubwa, mbao zake zikapigwa msasa hadi zikawa laini kama yai, injini yake ikawaka mara moja, na bado isidumu angani hata nusu dakika. Huondoka ardhini, huinua pua, kisha huiinua zaidi ijapokuwa mwendeshaji aliye chini ameshasukuma usukani ili aishushe. Mwendo humwishia, hulala upande mmoja na kuanguka. Aghalabu lawama hutupiwa upepo, au redio, au mkono wa mwendeshaji. Mabaki yake yakiokotwa na kupimwa, mara nyingi huonekana kwamba uzito ulikuwa umekaa sentimita mbili au tatu tu nyuma ya mahali ulipopaswa kukaa.

Makala haya yaeleza kwa nini sentimita hizo chache zina nguvu kiasi hicho, na jinsi mahali pa uzito panavyoweza kujulikana kabla ndege haijarushwa. Hesabu inayohitajika ni kanuni ya momenti ambayo kila mwanafunzi wa sekondari hufundishwa. Wala jambo lenyewe si la mchezo. Ndege ya kilo 2 iendayo kwa kasi ya kilomita 60 kwa saa, ikimpiga mtu, ina nishati sawa na ya tofali la kilo 2 lililoangushwa kutoka kimo cha mita 14.

Bega la mchukuzi na kichwa cha mshale

Kila sehemu ya ndege huvutwa na ardhi: rafadha, injini, magurudumu, gundi, hata rangi iliyopakwa. Mivuto hiyo, ijapokuwa ni mingi, ina athari ileile ambayo ingeletwa na mvuto mmoja upitao katika nukta moja. Nukta hiyo ndiyo kitovu cha uzito, ambacho katika vitabu vya fizikia huitwa pia kitovu cha graviti.

Mchukuzi wa maji atumiaye mzega hakijui kitovu hicho kwa jina, bali anakijua kwa bega. Ndoo zote mbili zikiwa sawa, bega hukaa katikati ya mti. Ndoo ya mbele ikiwa na kilo 10 na ya nyuma kilo 15, huusukuma mti mbele mpaka bega likawa karibu zaidi na ndoo iliyo nzito. Mti ukiwa na urefu wa sentimita 100, na uzito wake wenyewe usipohesabiwa, bega litatulia sentimita 60 kutoka ndoo ya mbele na 40 kutoka ile ya nyuma, kwa kuwa 10 mara 60 ni 600, na 15 mara 40 ni 600 vilevile.

Ndege iliyo angani haina bega la kuibeba. Imeegemea hewa peke yake. Na kitu chochote kilicho huru angani, kikigeuka, hugeuka kwa kukizunguka kitovu chake cha uzito. Kwa hiyo momenti ya kila kani inayoinua au kuinamisha pua ya ndege haina budi kupimwa kutoka nukta hiyo. Kitovu kikihama, umbali wa kila kani hubadilika, na tabia yote ya ndege hubadilika pamoja nao.

Waunda mishale waliitumia kanuni hii maelfu ya miaka kabla haijaandikwa. Mshale hutiwa chuma mbele na manyoya nyuma. Anayedhani kwamba chuma ni cha kutoboa tu, na manyoya ni pambo, na aurushe mshale kinyumenyume. Utapinduka angani mpaka chuma kitangulie. Uzito wa mshale umekaa karibu na chuma, lakini hewa huusukuma zaidi kwenye manyoya. Ukienda kombo, hewa huyasukuma manyoya upande, na mshale hugeuka juu ya kitovu chake mpaka unyooke tena. Ungetiwa uzito nyuma na manyoya mbele, hewa ileile ingeuzidishia ukombo badala ya kuuondoa.

Nukta ya mpaka

Ndege ni mshale wenye mabawa, ila hesabu yake ina jambo moja zaidi, nalo ni kwamba bawa kuu na bawa la mkia yote mawili hupata kani ya hewa. Ichukuliwe ndege inayokwenda sawasawa, kisha dharuba ya upepo ikaiinua pua yake kwa digrii 2. Bawa kuu, kwa kuukabili upepo kwa pembe kubwa zaidi, hupata nyongeza ya kani nyanyuzi. Nyongeza hiyo hufanya kazi takriban kwenye robo ya upana wa bawa kutoka ukingo wake wa mbele. Bawa la mkia nalo hupata nyongeza yake huko nyuma, ndogo kwa kani lakini iliyo mbali. Nyongeza hizo mbili zikijumlishwa huwa kama kani moja isukumayo juu katika nukta moja iliyo baina ya bawa na mkia, karibu zaidi na bawa kwa kuwa bawa ndilo kubwa. Katika makala haya nukta hiyo itaitwa nukta ya mpaka.

Kitovu cha uzito kikiwa mbele ya mpaka huo, nyongeza ya kani husukuma juu nyuma ya kitovu, pua hushuka, na ndege hurudi katika hali yake pasipo mwendeshaji kufanya lolote. Kikiwa juu ya mpaka hasa, ndege haina upande. Hubaki vile ilivyoachwa na upepo. Kikiwa nyuma ya mpaka, nyongeza ileile sasa husukuma mbele ya kitovu na kuinua pua zaidi. Pua ikiinuka, nyongeza hukua. Nyongeza ikikua, pua huinuka tena. Mwanafunzi atazitambua hapa zile hali tatu za msawazo azijuazo kwa gololi: gololi ndani ya bakuli, gololi juu ya meza, na gololi juu ya bakuli lililofudikizwa.

Yapo mambo mawili ambayo hayapasi kuchanganywa, na ambayo huchanganywa hata na watu wazoefu. La kwanza ni mlingano, yaani mkia kuwekwa kwa pembe ambayo momenti zote hufutana, na ndege ikaenda bila kuinua pua wala kuinama. La pili ni uimara, yaani itafanya nini baada ya kutikiswa. Ndege yenye uzito nyuma ya mpaka yaweza kulinganishwa kikamilifu, kama fimbo iwezavyo kusimamishwa wima juu ya kidole. Haitadumu. Mwendeshaji aliye mita 100 kutoka kwenye ndege, akiiona kama kijiti tu mawinguni, hawezi kuikimbiza fimbo hiyo kwa wepesi unaotakiwa. Ndiyo sababu ndege iliyokaa sawa juu ya ncha za vidole haijathibitisha lolote bado. Ndege yoyote itakaa sawa mahali fulani. La kuuliza ni kama mahali hapo ni mbele ya mpaka, na kwa kiasi gani.

Ukweli huu ulipatikana kwanza katika ndege za mfano. Mwaka 1804 Sir George Cayley wa Uingereza aliunda ndege ndogo isiyo na injini, yenye mkia uliogeuzika na uzito uliosogezwa mbele au nyuma ili kitovu kiwekwe palipotakiwa. Mwaka 1871 Mfaransa Alphonse Pénaud alirusha mbele ya watu, katika bustani ya Tuileries mjini Paris, ndege ya mfano iliyosukumwa na mpira uliosokotwa. Ilikwenda takriban mita 40 kwa sekunde 11 bila kuongozwa na mtu. Siri yake ilikuwa bawa dogo la nyuma lililoinamishwa kidogo kuliko bawa kuu, pamoja na uzito uliowekwa mbele ya kutosha.

Ndugu Wright wa Marekani walichukua njia nyingine. Ndege yao ya mwaka 1903 ilikuwa na bawa la kuongozea mbele badala ya mkia, na kitovu chake kilikuwa nyuma ya mpaka. Tarehe 17 Desemba 1903 safari yao ndefu kuliko zote ilikuwa ya sekunde 59, nayo ilikuwa ya kupanda na kushuka kama ngalawa katika mawimbi. Mwaka uliofuata waliona haja ya kufunga vyuma mbele ya ndege yao mpya ili kuituliza. Kwamba waliweza kuirusha ile ya kwanza ni sifa ya ustadi wao, na ustadi huo waliupata kwa mazoezi ya miaka kadhaa.

Kuupata mpaka kwa hesabu

Ichukuliwe ndege ya kawaida ya kujifunzia. Bawa lake ni la mstatili, urefu wake toka ncha hadi ncha ni sentimita 150, na upana wake toka ukingo wa mbele hadi ukingo wa nyuma ni sentimita 25. Eneo lake, basi, ni sentimita mraba 3,750. Bawa la mkia ni la sentimita 50 kwa 15, yaani sentimita mraba 750. Kutoka robo ya upana wa bawa kuu hadi robo ya upana wa bawa la mkia ni sentimita 70.

Nguvu ya mkia hupimwa kwa kuzidisha eneo lake kwa umbali wake, kisha kugawanya kwa eneo la bawa lililozidishwa kwa upana wa bawa. Hapa 750 mara 70 ni 52,500. Na 3,750 mara 25 ni 93,750. Jawabu ni 0.56. Lakini mkia haufanyi kazi yake yote, kwa sababu hewa inayoufikia imekwisha inamishwa na kupunguzwa mwendo na bawa lililotangulia, na pia kwa sababu bawa fupi hupata kani ndogo kuliko bawa refu kwa pembe ileile. Kwa ndege za umbo hili yafaa kuhesabu takriban sehemu 4 katika 10 tu za nguvu hiyo. Hivyo 0.56 mara 0.4 ni 0.22. Ikijumlishwa na ile robo ya bawa, yaani 0.25, nukta ya mpaka huwa kwenye 0.47 ya upana wa bawa, au karibu sentimita 12 kutoka ukingo wa mbele.

Kitovu cha uzito hakina budi kuwa mbele ya hapo, nacho kiwe mbele kwa akiba, kwa kuwa hesabu hii ni ya kukadiria. Akiba ya asilimia 10 hadi 15 ya upana wa bawa huwatosha wazoefu. Kwa mwanagenzi na kwa safari ya kwanza ni busara kuongeza. Kitovu kikiwekwa sentimita 7.5 kutoka ukingo wa mbele, yaani asilimia 30, akiba ni kama asilimia 17. Hii ndiyo asili ya ile kanuni ya mafundi, kwamba ndege ya kawaida isawazishwe baina ya robo na theluthi ya upana wa bawa. Kanuni hiyo ni njema, ila ina masharti yake. Ndege yenye mkia mdogo au mfupi huvuta mpaka mbele, na ndege isiyo na mkia kabisa, yenye bawa lililonyooka, mpaka wake ni kwenye robo yenyewe. Kitovu chake kikiwekwa kwenye theluthi, anguko ni la hakika.

Bawa lililochongoka huleta swali jingine: upana upi utumiwe, wa shinani au wa nchani? Upana wa kutumia ni wa wastani, lakini si wastani wa kujumlisha na kugawa kwa mbili, kwa maana sehemu pana hubeba zaidi. Bawa lenye sentimita 30 shinani na 18 nchani hupatiwa wastani wake hivi: 30 na 18 hujumlishwa kuwa 48, 30 mara 18, yaani 540, hugawanywa kwa 48, ikawa 11.25, hiyo hutolewa katika 48, ikabaki 36.75, theluthi mbili zake ni sentimita 24.5. Asiyependa hesabu aweza kuchora. Ukubwani hupimwa upana wa ncha kuendelea mbele ya shina, na kwenye ncha hupimwa upana wa shina kuendelea nyuma. Alama hizo mbili huunganishwa kwa mstari. Mstari wa pili huunganisha katikati ya shina na katikati ya ncha. Mistari inapokatana ndipo ulipo upana wa wastani, na kutoka ukingo wake wa mbele ndipo kipimo cha kitovu kianzie.

Kupima na kurekebisha

Ndege hupimwa ikiwa tayari kabisa kuruka: betri, kipokezi cha redio, mota ndogo za kuvuta sukani, rafadha, magurudumu, vyote mahali pake. Alama hutiwa chini ya bawa pande zote mbili, umbali uleule kutoka ukingo wa mbele, karibu na kiwiliwili. Ndege huinuliwa kwa ncha za vidole viwili kwenye alama hizo, ndani ya nyumba ambamo hamna upepo. Ikikaa na pua imeinama kidogo sana, ni vyema. Mkia ukishuka, isirushwe. Kwa ndege nzito kuliko mikono, vijiti viwili vyenye vichwa vya mpira vilivyosimikwa katika ubao hufanya kazi hiyo vizuri zaidi, kwani vidole huchoka, na vidole vilivyochoka husogea.

Tuseme ndege ile ya kujifunzia ina gramu 2,000, na kitovu chake kimeonekana sentimita 9.5 kutoka ukingo wa mbele, ambapo kilitakiwa kiwe 7.5. Kimezidi nyuma kwa sentimita 2. Njia inayowajia wengi kwanza ni kutia risasi puani. Ikiwa nafasi iliyopo ni sentimita 25 mbele ya ukingo wa bawa, risasi hiyo itakuwa sentimita 32.5 mbele ya kitovu kinachotakiwa. Momenti ya kusahihishwa ni 2,000 mara 2, yaani 4,000. Ikigawanywa kwa 32.5, zatakiwa gramu 123. Ni mzigo usio na kazi nyingine, nao huiongezea ndege mwendo wa kutua na pigo la kuanguka.

Njia bora ni kuhamisha kilichomo tayari. Betri ya gramu 250 ikisogezwa mbele sentimita 16 huleta momenti ileile ya 4,000, na ndege haizidi hata gramu moja. Katika hili wajenzi wa leo wana nafuu na dhiki kwa pamoja. Mapacha Walter na William Good wa Kalamazoo, Marekani, walioirusha ndege yao iliyoitwa Guff kwa kuiongoza kwa redio mwaka 1937, walikuwa na redio ya valvu na betri nzito. Palikuwa na vitu vingi vya kusogeza. Kipokezi cha siku hizi huweza kuwa na gramu 10 tu, na kukisogeza hakubadili kitu. Imebaki betri, na kwa hiyo nafasi ya betri yapasa kuachwa ndefu tangu siku ya kuchora ndege, si baada ya kuijenga.

Mkia ndio unaodai ulipaji mkubwa. Gramu 10 za gundi na rangi zilizozidi huko nyuma, sentimita 80 kutoka ukingo wa mbele wa bawa, zipo sentimita 72.5 nyuma ya kitovu. Kuzilipa puani hutaka zaidi ya gramu 22. Fundi mzuri hutambulikana kwa wepesi wa mkia wake.

Mafuta nayo yana hesabu yake. Betri ya umeme haipungui uzito ikitumika, bali tangi la mafuta lililo nyuma ya injini, mbele ya kitovu, huwa jepesi kadiri safari inavyoendelea, na kitovu hurudi nyuma taratibu. Ndege hiyo isawazishwe tangi likiwa tupu, kwa kuwa hiyo ndiyo hali mbaya zaidi itakayoifikia. Mfano mkubwa ni ndege ya mfano ya Maynard Hill wa Marekani, TAM 5, iliyovuka bahari ya Atlantiki mwezi Agosti 2003 kutoka Newfoundland, Kanada, hadi Ireland, kwa saa 38 na dakika 53. Ilipoondoka ilikuwa na uzito usiofika kilo 5, na zaidi ya kilo 2 zake zilikuwa mafuta, ambayo yalitumika karibu yote. Chombo kipotezacho zaidi ya sehemu 4 katika 10 za uzito wake njiani hakina ruhusa ya kuweka tangi mbali na kitovu.

Ndege kubwa za abiria zinatawaliwa na kanuni iyo hiyo, na hapo gharama yake ni roho za watu. Tarehe 8 Januari 2003, huko Charlotte, Marekani, ndege ndogo ya abiria aina ya Beechcraft 1900D iliinua pua mara baada ya kuruka, ikashindwa kushushwa, ikaanguka. Watu 21 waliokuwamo walikufa wote. Uchunguzi ulionyesha sababu mbili zilizokutana: kebo za usukani wa mkia zilikuwa zimerekebishwa vibaya, hivyo usukani haukuweza kushusha pua vya kutosha, na kitovu cha uzito kilikuwa nyuma ya kikomo kilichoruhusiwa. Uzito wa abiria ulikuwa umekadiriwa kwa wastani uliokwisha kupitwa na wakati. Baada ya hapo mamlaka ya nchi hiyo iliagiza makadirio hayo yaongezwe.

Safari ya kwanza na majaribio darasani

Pua nzito na mkia mzito si makosa yenye uzito sawa. Ndege yenye pua nzito huwa nzito wa kuitikia, hutaka mwendo mkubwa, na wakati wa kutua usukani huweza usitoshe kuiinua pua, ikagonga chini kwa gurudumu la mbele. Ni udhia, lakini huweza kurudishwa nyumbani. Ndege yenye mkia mzito huitikia kupita kiasi. Mguso mdogo wa usukani huirusha juu, bawa hupoteza kani yake, nayo huanza kuzunguka ikishuka. Kwa hiyo safari ya kwanza hufanywa kitovu kikiwa mbele zaidi, kisha husogezwa nyuma kidogo kidogo, nusu sentimita kwa mara moja, mpaka ndege ipendeze mkononi. Viwanja vya ndege na mikusanyiko ya watu viepukwe.

Vifaa vya elektroniki vya kuituliza ndege vinapatikana siku hizi kwa bei nafuu, na wapo wanaodhani vimeiondoa haja ya kusawazisha. Ni kweli kwamba ndege za kivita kama F-16, iliyoanza kuruka mwaka 1974, ziliundwa makusudi zikiwa na uimara mdogo na kutegemea vyombo hivyo. Lakini kifaa hufanya kazi kwa kuutumia usukani wa mkia, na usukani ukifika mwisho wake, kifaa hakina la kufanya.

Shuleni jambo hili lote laweza kuonyeshwa pasipo redio wala injini. Ufito wa mwanzi wa sentimita 30, mwembamba na ulionyooka, huwa kiwiliwili. Bawa hukatwa katika karatasi ya manila, sentimita 30 kwa 6, na kukunjwa katikati ili ncha zake ziinuke kidogo. Bawa la mkia ni la sentimita 12 kwa 4, nalo hufungwa ili kutoka robo yake hadi robo ya bawa kuu iwe sentimita 16; kipande kidogo husimamishwa wima juu yake. Puani hutiwa udongo wa mfinyanzi. Wanafunzi wahesabu kwanza mahali pa mpaka kwa njia iliyoelezwa. Watapata takriban sentimita 3.2 kutoka ukingo wa mbele wa bawa.

Kisha udongo uongezwe mpaka kitovu kiwe kwenye sentimita 2, na ukingo wa nyuma wa mkia ukunjwe juu kidogo kidogo mpaka ndege iteleze hewani vizuri ikirushwa kwa mkono kutoka kimo cha bega. Baada ya hapo udongo upunguzwe hadi kitovu kifike sentimita 2.7. Ndege itainua pua na kuyumba. Hii si dalili kwamba imekosa uimara, bali mlingano umebadilika, na mkia ukikunjuliwa kidogo itateleza tena, ijapokuwa kwa wepesi wa kuyumba. Mwisho kitovu kipelekwe sentimita 3.5 au 3.8. Hapo wanafunzi waachwe wajaribu kila pembe ya mkia waitakayo. Mara itainua pua na kupinduka, mara itaipiga ardhi kwa pua, na baina ya hali hizo mbili hawataipata pembe ya kuituliza.

Ni vyema kila kikundi kirushe mara 10 kwa kila mahali pa kitovu, ndani ya ukumbi uliofungwa madirisha, na kuandika umbali wa kila mrusho pamoja na namna ndege ilivyokwenda. Vikundi vikipewa mikia ya ukubwa mbalimbali, mmoja sentimita 12 kwa 4, mwingine 8 kwa 3, itaonekana kwamba wenye mkia mdogo hufikwa na matata kitovu kikiwa bado kwenye sentimita 2.7, mahali ambapo wenzao wenye mkia mkubwa wanarusha bila taabu. Hesabu yao ya mwanzo, wakiirudia kwa mkia huo mdogo, itawapa mpaka wa takriban sentimita 2.4.